Miguu ya Oedipus

Jumapili, 2 Machi

Kundi letu la kusoma limeamua: baada ya Idi tunaingia kwenye tanzia za Wagiriki, na mimi ndiye mfungua mazungumzo. Tutaanza na Mfalme Edipode, tafsiri ya Samuel Mushi iliyotoka mwaka 1971, yule yule aliyetufasiria Makbeth. Kando yake nimepanga tamthilia nyingine za Sophocles, za Aeschylus na za Euripides, nizipitie upya kabla ya siku yenyewe.

Kinachonisukuma ni ugomvi. Najua litakalosemwa kikaoni. Sisi sote tulifundishwa jibu moja shuleni: mfalme alijaa kiburi, miungu ikamwangusha. Mpanda ngazi hushuka. Jibu hilo humtosha Oedipus, likamtosha Creon, likamtosha Agamemnon na yeyote aliyewahi kuvaa taji akaishia kulia. Linamtosha kila mtu, na ndiyo maana silipendi. Nataka kujua nani hasa kati ya watu hawa aliangushwa na kiburi chake, na nani aliangushwa na kitu kingine.

Jumatano, 5 Machi

Kwanza mahali penyewe. Ukumbi wa Dionysus uko kwenye mteremko wa kusini wa Akropoli ya Athens, hauna paa, watazamaji wameketi ubavuni mwa mlima. Sikukuu ya Dionysus iliangukia majira haya haya, kuelekea mwisho wa Machi, baridi imekatika, bahari inasafirika na wageni wanaingia mjini. Washairi watatu walishindana, kila mmoja na tanzia tatu na mchezo mmoja wa masihara wa kuzifuatia. Tajiri aliyeteuliwa alibeba gharama za kwaya: mwalimu, mavazi, mazoezi. Waigizaji wote walikuwa wanaume, hata wa nafasi za Jocasta na Antigone, nyuso zimefunikwa kwa vinyago.

Lakini kilichonishika leo ni kilichofanyika kabla ya michezo kuanza. Athens ilikuwa ikitoza miji washirika wake ng'ambo ya bahari, na katika miaka ya nguvu zake fedha ile ililetwa ukumbini ikaonyeshwa mbele ya umati. Kisha wakapitishwa vijana ambao baba zao walikufa vitani, waliolelewa kwa gharama ya mji na sasa wametimiza umri, wamevaa silaha kamili walizopewa. Watu maelfu wanatazama utajiri wao na nguvu zao zikipita. Halafu vinyago vinaingia, na mfalme anaanguka.

Sidhani jambo hilo lilitokea kwa bahati. Huo ni mji unaojisifu na kujionya katika uwanja mmoja, ndani ya sikukuu moja.

Ijumaa, 7 Machi

Nimemaliza Waajemi ya Aeschylus, ya mwaka 472 KK, kongwe kuliko tanzia zote tulizonazo. Ilikuwa imepita miaka minane tu tangu meli za Uajemi zivunjwe Salamis. Aeschylus mwenyewe alipigana Marathon, na ndugu yake alifia pale ufukweni. Herodotus anasimulia kwamba alikuwa ameng'ang'ania tezi ya meli ya adui, mkono wake ukakatwa kwa shoka. Mtu wa namna hiyo ungetegemea atunge wimbo wa ushindi. Yeye akaihamishia jukwaa Susa, kwenye jumba la adui, akawakalisha Waathene wamsikilize mama wa mfalme Xerxes akiulizia mwanawe, na wazee wa Uajemi wakitaja majina ya maiti wao. Aliyegharimia kwaya alikuwa Pericles, bado kijana.

Kiburi cha Xerxes hakina wakili. Alifunga mlango wa bahari wa Hellespont kwa daraja la meli ili avushe jeshi, na baba yake Darius, anapoinuka kaburini kama mzimu, anashangaa mwanadamu kutaka kuifunga bahari minyororo kama mtumwa. Lakini kuna jambo lingine analosema mzimu huyo, nami nimelirudia sana. Alijua kwamba utabiri wa maangamizi upo. Alitumaini miungu ingeukawiza. Mwanawe ndiye aliyeukimbiza, kwa sababu mtu akikazana mwenyewe, mungu naye hujiunga kusukuma.

Kwa hiyo mwaka 472 hoja ilikuwa imeshawekwa mezani: majaliwa na hiari ya mtu havifukuzani. Utabiri unasema kitakachokuwa. Saa na njia huletwa na mtu kwa miguu yake.

Jumapili, 9 Machi

Agamemnon. Amerudi kutoka Troy baada ya miaka kumi, mkewe anamtandikia vitambaa vya rangi ya zambarau kutoka garini hadi mlangoni. Anajua heshima hiyo ni ya miungu. Anasema hivyo kwa kinywa chake, kisha anakubali kukanyaga. Ila kwanza anaomba avuliwe viatu. Mtu anajua anakosea, naye anatafuta namna ya kukosea kwa adabu.

Hata hivyo hukumu yake haikuanza pale mlangoni. Ilianza Aulis, alipomchinja binti yake Iphigenia ili apate upepo wa kupeleka meli vitani. Mkewe Clytemnestra hakusahau, na atamwulia bafuni. Huyu simwonei huruma nyingi. Namwonea Cassandra, mateka aliyeletwa kwenye gari hilo hilo, anayeyaona yote na hakuna anayemwelewa, kisha anaingia ndani kufa huku akijua.

Jumatano, 12 Machi

Leo nimefika kwa Oedipus, na nimekaa kwenye miguu yake.

Laius mfalme wa Thebes aliambiwa kwamba mwanawe atamwua. Mtoto hajatimiza hata siku tatu, wakamfunga vifundo vya miguu, vikatobolewa, akakabidhiwa mchungaji akatupwe mlimani Cithaeron. Mchungaji akamhurumia. Akampa mchungaji mwenzake wa Korintho, na huyo akampeleka kwa mfalme wake Polybus, ambaye hakuwa na mtoto. Ndivyo Oedipus alivyokulia Korintho akiwaita baba na mama watu wasiomzaa, na kovu miguuni bila maelezo.

Kwetu mtoto akianguka hata kabla hajainuka ameshasomewa: asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Nimempima Oedipus kwa methali hiyo, na haimkai. Guu lake lilivunjwa kabla hajajua kusikia neno. Wala hakuna mkuu aliyemwonya, kwa sababu mkuu ndiye aliyetoboa.

Tena, alipokua, alikuwa mwepesi wa kusikia kuliko wengi. Mlevi mmoja karamuni alimtupia neno kwamba si mtoto halali wa baba yake. Mwingine angelipuuza pamoja na harufu ya divai, yeye lilimkosesha raha mpaka akaenda Delphi, hekaluni kwa Apollo, kuuliza. Delphi hakujibiwa alichouliza. Aliambiwa kwamba atamwua baba yake na kumwoa mama yake. Akaisikia kauli hiyo, akaikimbia Korintho moja kwa moja asije akawadhuru wazee wake. Miaka baadaye tauni inaiua Thebes, Apollo anaagiza muuaji wa Laius asakwe, na Oedipus, ambaye sasa ndiye mfalme wa Thebes, analitii agizo siku ile ile, tena kwa laana aliyoitamka mwenyewe hadharani.

Tamthilia haina tarehe ya hakika, ila wengi huiweka karibu na tauni iliyoipiga Athens yenyewe kuanzia mwaka 430 KK. Kama ni hivyo, watu wale mlimani walikuwa wametoka kuzika. Na inapokewa kwamba mwaka ule Sophocles hakushinda. Zawadi alipewa Philocles, mpwa wa Aeschylus, ambaye leo hatuna hata tamthilia yake moja.

Alhamisi, 13 Machi

Baada ya futari alikuja mwalimu mwenzangu wa kundini, na hakukaa vizuri kabla hatujaanza.

“Mwalimu, unamtetea huyu kwa sababu unampenda,” akaniambia. “Mtu ametoka kuambiwa ataua baba yake. Njiani anakutana na mzee, anamwua. Mwenye akili si angeapa asimguse mwanamume yeyote mwenye mvi? Na kuoa, asioe mwanamke aliyemzidi umri.”

Ni hoja nzito, na sijawahi kuisikia ikisemwa vizuri hivyo. Tukafungua ukurasa wa njia panda. Ni Phocis, mahali njia tatu zinapokutana. Gari linakuja mbele yake, mpiga mbiu na mzee aliyemo garini wanataka kumsukuma atoke njiani kwa nguvu. Oedipus anampiga aliyemsukuma. Mzee anangoja mpaka awe anapita ubavuni mwa gari, kisha anamshushia kichwani mchokoo wa ncha mbili wa kuswagia farasi. Ndipo Oedipus anapoua.

“Dada,” nikamwambia, “hasira ipo, sitaificha. Ndiyo hiyo inayomtoka tena kwa mtabiri Tiresias, na kwa Creon anayemtuhumu kutaka kiti. Lakini nani kati yetu angepigwa kichwani njiani akaanza kupekua kama aliyempiga ni baba yake? Yeye baba yake amemwacha Korintho. Ndiko anakokimbia.”

“Basi limeandikwa,” akasema, “wala tusitafute sababu.”

Hilo nalo sikulikubali, na tumelijadili hadi usiku. Sisi tukisema limeandikwa, tunasema habari za Mungu aliyeumba, anayesikia dua na kupokea toba. Apollo hayuko hivyo. Hakuumba ulimwengu, ni mwana wa Zeus, ana ndugu anaogombana nao, na anayajua ya kesho bila ahadi ya kumwokoa mtu na kesho hiyo. Katika tamthilia nzima hakuna anayemwambia Oedipus: tubu, utasamehewa. Tukimwingiza Mungu wetu kwenye kiti cha Apollo tutatoka na hadithi ya adhabu, kwa sababu tutalazimika kutafuta dhambi inayolingana nayo. Aristotle, aliyeiona tamthilia hii kuwa mfano bora wa tanzia, alisema mtu wa tanzia asiwe mwovu na asiwe mkamilifu. Aanguke kwa kosa la kutojua au kupotoka, si kwa uovu.

Aliondoka bado hajaridhika, na mimi pia.

Jumapili, 16 Machi

Jocasta, mjane wa Laius na sasa mke wa Oedipus, anatoka nje na matawi na ubani. Mumewe amechanganyikiwa, anasikiliza kila anayeongea habari za kutisha, naye anakwenda kwenye madhabahu ya Apollo kuomba afueni. Anaweka sadaka yake, anaomba. Na wakati huo huo mgeni anaingia kutoka Korintho na habari njema: Polybus amekufa kwa uzee, Oedipus anatakiwa akatawale.

Dua imejibiwa. Polybus amekufa, na mwanawe hakumwua! Jocasta anafurahi, Oedipus anafurahi, wanaucheka utabiri kidogo. Amebaki na hofu moja, ya yule mama aliye hai Korintho. Mgeni, kwa wema mtupu, anataka kumtoa hofu hiyo pia: usiogope, mwanangu, hawakukuzaa wale, mimi ndiye niliyekupokea Cithaeron, miguu imetobolewa, nikaifungua.

Sijui kama kuna pahala pengine katika maandishi ya wanadamu ambapo habari njema inaua hivi. Nimetazama nani kasukuma nini. Mchungaji alimhurumia mtoto. Mgeni alitaka kumfariji mfalme. Jocasta, mapema kidogo, alitaka kumtuliza mumewe kuhusu watabiri, ndipo akataja njia panda. Kila mkono uliomsogeza Oedipus kwenye shimo ulikuwa mkono wa mtu anayemtakia heri. Kiburi kiko wapi hapo?

Sasa Jocasta ameelewa. Anamwomba aache kuuliza. Oedipus anakataa, anadhani mkewe anaogopa aibu ya kuolewa na mtoto wa mtumwa. Naam, hapa amekataa kusikia, na mwalimu mwenzangu atanikamata hapa. Lakini amekataa kusikia neno la kunyamaza ili asikie neno la kweli.

Analetwa mchungaji mzee. Sophocles amefanya kitu kigumu na cha ajabu: mzee huyu ndiye aliyepewa mtoto akamtupe, na ndiye pia aliyenusurika pale njia panda. Alipomkuta Oedipus kitini Thebes, alimshika Jocasta mkono akaomba apelekwe machungani, mbali kabisa na mji. Amebeba siri hiyo malishoni miaka yote. Leo anaulizwa na hataki kujibu. Oedipus anaamuru akunjwe mikono nyuma, mzee wa watu, atishwe kwa mateso. Hilo silitetei. Kisha wanafika kwenye swali la mwisho, na mzee anasema yuko ukingoni mwa neno la kutisha kusemwa. Oedipus anajibu kwamba naye yuko ukingoni mwa kulisikia, lakini lazima lisikiwe.

Anajua tayari. Msomaji makini anaona kwamba anajua. Angeweza kumwachia mzee aende zake, akatawale Thebes na hofu yake. Tauni ingeendelea kuua watu wake, na siri ingebaki malishoni. Akachagua kuuliza.

Baada ya hapo Jocasta amejinyonga, na Oedipus amechomoa pini za dhahabu kwenye vazi la mkewe akajitoboa macho. Wazee wanamwuliza ni mungu gani aliyemsukuma. Jibu lake nimelinakili kwa maana yake: mateso haya ameyaleta Apollo, lakini mkono uliopiga ni wangu, si wa mwingine. Ni mzimu wa Darius tena, ila sasa anayezungumza ndiye aliyeumia, na hajipunguzii hata sehemu moja ya mzigo.

Jumanne, 18 Machi

Creon, sasa. Huyu methali inamkaa kama kanzu iliyoshonwa kwa kipimo chake.

Katika Antigone ameagiza maiti ya Polynices iachwe juani, ndege na mbwa waile, kwa kuwa aliushambulia mji wake. Antigone dada wa marehemu anaimwagia udongo, akakamatwa. Haemon, mwana wa Creon na mchumba wa Antigone, anakuja kwa heshima zote, anamwambia baba yake kwamba mjini watu wananong'ona, wanamhurumia binti huyu. Creon anamwuliza kama sasa mji ndio utakaomwamuru namna ya kutawala. Tiresias kipofu anamwambia kwamba madhabahu zimejaa nyama iliyodondoshwa na ndege. Creon anamwambia amehongwa.

Athens ilikuwa na sheria ya kumshtaki mtu aliyemdhalilisha mwenzake kwa makusudi, hata kama aliyedhalilishwa ni mtumwa. Hybris, waliita. Kiburi kwao kilikuwa jambo unalomfanyia mtu, na ushahidi wake unaonekana kwa macho: maiti iliyoachwa, binti aliyefukiwa hai pangoni.

Mwisho Creon anatishika, anawauliza wazee afanye nini. Wanamjibu kwa mpangilio: nenda kamtoe binti pangoni, kisha mjengee aliyelala wazi kaburi. Anaondoka mbio. Na mjumbe anaporudi kusimulia, tunasikia kwamba walianza na maiti. Waliosha kilichobaki, wakakichoma, wakamjengea kilima cha udongo wa nyumbani, ndipo wakaelekea pangoni. Antigone alikuwa ameshajinyonga. Haemon alijaribu kumpiga baba yake kwa upanga, akamkosa, akajichoma mwenyewe. Eurydice mke wa Creon akasikia, akaingia ndani kimya, akajiua.

Kwa nini alianza na maiti? Sophocles haelezi. Mimi naona hivi: hata katika kutubu Creon aliwaza kwanza madhabahu zake na mji wake, na aliye hai akawa wa pili. Aligeuza mpangilio wa wazee, na nyumba yake ikaisha.

Wafungwa wa Robben Island waliigiza tamthilia hii gerezani, na Mandela alipewa nafasi ya Creon. Athol Fugard, John Kani na Winston Ntshona walitunga The Island, 1973, kutokana na habari za namna hiyo. Na kwetu, Ebrahim Hussein katika Kwenye Ukingo wa Thim, 1988, ameweka mjane anayenyang'anywa maiti ya mumewe na ukoo. Nitawaomba wenzangu waisome sambamba. Maiti inapogombaniwa, hakuna Mswahili anayehitaji kuelezwa uzito wake.

Ijumaa, 21 Machi

Mwanzoni mwa Ajax, Athena anamwonyesha Odysseus adui yake akiwa amepagawa, amechinja mifugo akidhani ni makamanda wa Wagiriki. Anamwalika acheke: kuna kicheko kitamu kuliko cha kumcheka adui? Odysseus anakataa. Anasema anamhurumia, kwa sababu anapomtazama yule anajiona yeye mwenyewe. Ajax alikuwa na kiburi kweli, alisema kwamba atashinda bila msaada wa miungu. Na bado Sophocles anamweka mbele yetu mtu asiyemcheka. Watakaosema “alikitaka” nitawaonyesha ukurasa huu.

Na Bacchae ya Euripides. Agave, aliyepagawishwa na mungu Dionysus, anarudi mjini na kichwa cha mwanawe Pentheus, anadhani ni cha simba, anajivunia mawindo. Cadmus baba yake hamfokei. Anamwambia atazame juu angani kwanza. Anga limebadilika? Limekuwa angavu kuliko awali. Uliolewa katika nyumba ya nani? Mwanao nani? Na hicho ulichoshika ni kichwa cha nani? Namna anavyomrudisha polepole, mzee yule, imenitoa machozi kila ninapoisoma. Baadaye anamwambia Dionysus usoni kwamba haifai miungu ikafanana na wanadamu kwa hasira. Pentheus alikosea kumkataa mungu huyo, lakini adhabu imepita kosa, na Euripides anataka tuseme hivyo.

Jumapili, 23 Machi

Athens yenyewe. Mwaka 416 KK iliuzingira mji wa kisiwa cha Melos, ambacho hakikutaka kujiunga nayo. Uliposalimu amri, wanaume waliuawa, wanawake na watoto wakauzwa utumwani. Mwaka uliofuata Euripides alionyesha Wanawake wa Troy, wajane na mama waliogawanywa kama nyara, mbele ya watu hao hao. Majira ya joto ya mwaka huo huo wakatuma meli kwenda kuiteka Sicily.

Mwaka 413 jeshi hilo halikuwepo tena. Thucydides anasema mateka si chini ya 7,000 walitiwa kwenye machimbo ya mawe ya Syracuse, juani mchana na baridini usiku, maiti zikirundikana moja juu ya nyingine. Plutarch anasimulia kwamba baadhi yao waliachiliwa kwa sababu walikuwa wameshika kwa kichwa mistari ya Euripides na Wasicily waliipenda, na kwamba waliorudi walikwenda kumshukuru mshairi.

Mji ulioketi kila mwaka kutazama wafalme wakianguka haukujiona ukianguka. Hilo halinifanyi niidharau tanzia. Waliokuwa wakipiga kura za vita ndio walioketi pale mlimani, na onyo walipewa.

Jumanne, 25 Machi

Nimemaliza na Oedipus Kolono, ambayo Sophocles aliiandika akiwa mzee wa karibu miaka 90, kuhusu kijiji alikozaliwa. Oedipus ni ombaomba kipofu, binti yake Antigone anamwongoza. Creon anamtukana kwa habari za zamani, naye anajitetea, kwa nguvu zote: niambie, kama utabiri ulimfikia baba yangu kabla sijatungwa mimba, utanilaumuje mimi? Na mtu akikujia hapa na sasa akutoe roho, utauliza kwanza kama ni baba yako, au utajikinga? Nimemwandikia mwalimu mwenzangu ukurasa. Kumbe mzee alikwisha kumjibu.

Kijana wa Thebes alisema mkono ni wangu. Mzee wa Kolono anasema sikujua. Nayaamini yote mawili, na simwoni Sophocles akiyapatanisha. Kaburi la Oedipus linakuwa kinga ya nchi ya Athens, iliyompokea alipokuwa hana pa kwenda. Mshairi alikufa mwaka 406 au mapema 405 KK. Mwaka 404 Athens ikasalimu amri na kuta zake zikabomolewa. Mwaka 401 mjukuu wake, aliyebeba jina lake, akaionyesha tamthilia hiyo.

Kikaoni nitaomba jambo moja tu: tusome kwa sauti mahojiano ya mchungaji, mwanzo hadi mwisho, kabla mtu hajatamka neno kiburi. Creon tutamhukumu baadaye, maana ana kesi ya kujibu na mashahidi wapo. Oedipus hana.